Kuongeza swichi kwenye mtandao wa waya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanarudia kila siku wakitaka kuongeza matundu ya waya nyumbani, hasa kwenye nyumba zetu hizi za tofali ambapo ruta ya faiba ipo sebuleni na vifaa vipo kila chumba. Kama una haraka soma sehemu ya waya kabla hujaenda dukani, maana swichi yenyewe ni kitu rahisi sana, pesa za watu zinapotelea kwenye waya.

## Mambo ya msingi

1. Swichi ni nini hasa, na inatofautianaje na ruta?

Swichi ya mtandao ni kiboksi chenye matundu ya LAN (mtandao wa ndani), kazi yake ni kuunganisha vifaa vya ndani ya nyumba. Ruta ndo inashika laini ya intaneti, inagawa IP (namba ya mtandaoni) kwa kila kifaa na inajua kinachorudi kutoka nje kiende kwa nani. Swichi haifanyi hata kimoja kati ya hivyo. Yenyewe inasoma anwani ya MAC (namba ya kiwandani) ya kila kifaa kilichochomekwa, inakumbuka kipo tundu namba ngapi, halafu data ya TV inaipeleka tundu la TV tu na ya kompyuta inaipeleka kwa kompyuta. Hab, viboksi vya zamani vilivyotangulia swichi, zilikuwa zinarusha kila kitu kila tundu, ndo maana zilikufa.

Kwa hiyo swichi haichukui nafasi ya ruta, bado unahitaji ruta moja, na moja inatosha. Habari za ruta mbili zipo swali la 19 na la 20.

2. Nina WiFi nyumba nzima, kwa nini nihangaike na waya?

Kama kweli WiFi inafika kila kona na huna shida, usihangaike. Ila wengi wanaosema "nyumba nzima" wanamaanisha sebule na korido. Ukuta wa tofali za blok unakula mawimbi, na slab ya ghorofa yenye nondo inakula zaidi, hasa ile 5GHz. Vitu ambavyo havihami kama TV, dikoda, PlayStation, desktopu na rekoda ya CCTV vikihamia kwenye waya, WiFi inabaki kwa simu na laptopu na utaona tofauti hata kwenye hizo simu.

Halafu kuna gemu na mikutano ya video, hapo shida kubwa siyo spidi bali pingi (muda wa data kwenda na kurudi) kupanda na kushuka, na waya unatulia kuliko WiFi yoyote ile.

3. Nikiweka swichi intaneti itagawanyika ipungue?

Hapana. Swichi haigawi spidi kwa idadi ya matundu. Kama umelipia 50 Mbps na ni kompyuta moja tu inadownload saa hiyo, itapata 50 yote hata kama swichi ina vifaa nane vimetulia. Vikidownload vyote kwa mpigo ndo vinagombania hizo 50, lakini vingegombania hivyo hivyo hata kwa WiFi. Ni kama tenki la maji juu ya paa, kuongeza koki hakupunguzi maji wala hakuyaongezi.

Na mawasiliano ya ndani kwa ndani, mfano kompyuta kuvuta filamu kwenye diski ya chumba kingine, hayagusi kabisa bando lako la intaneti.

4. Lazima niwaambie kampuni ya intaneti, au nilipie zaidi?

Kwa matumizi ya familia yako hapana, kwao inaonekana ruta moja tu. Kama unataka kuwapa wapangaji, soma swali la 23 kwanza.

5. Kuna kile kisplita cha bei rahisi, tundu moja linakuwa mawili, si ninunue hicho?

Usinunue. Kile kidude hakina umeme wala akili yoyote ndani, kinachofanya ni kugawa nyuzi nane za waya kuwa nne na nne. Ili kifanye kazi lazima uwe navyo viwili, kimoja kila mwisho, na upande wa ruta utatumia matundu mawili vile vile, na kila kifaa kitaishia 100 Mbps kwa sababu giga (1000 Mbps) inahitaji nyuzi zote nane. Ukikichomeka kimoja tu kwenye ruta ukaweka vifaa viwili, ama kimoja kitashika ama vyote vitagoma. Swichi ndogo ya matundu matano haijapishana sana bei na huo usumbufu.

## Kununua swichi

6. Ninunue ya matundu mangapi?

Hesabu vifaa, ongeza tundu moja la waya unaotoka kwenye ruta, halafu ongeza mawili au matatu ya baadaye. Swichi ya matundu 5 inakupa nafasi 4 tu za vifaa, hilo watu wanasahau kila siku. TV, dikoda, PlayStation na akses pointi (kifaa cha kurusha WiFi), imejaa. Kwa nyumba ya familia ya matundu 8 ndo saizi ya kawaida, na tofauti ya bei na ya 5 siyo kubwa.

7. Ya 100 au ya giga?

Chukua giga, hata kama leo umelipia 20 Mbps. Swichi za 100 bado zipo dukani, kwa TP-Link mfano TL-SF1005D ni ya 100 na TL-SG105 ni ya giga, angalia hizo herufi SF na SG kwenye boksi maana kwa macho hazipishani sana. Ya 100 inakupa kama 94 halisi na siku ukipandisha kifurushi inakuwa ndo kizuizi. Pia akses pointi ya WiFi ya kisasa ukiichomeka kwenye tundu la 100 umeiua nusu.

Angalia na ruta yako. Kuna ruta za faiba zenye matundu manne ambapo moja tu ndo la giga na matatu yaliyobaki ni ya 100. Waya wa kwenda kwenye swichi unaingia kwenye lile la giga.

Za 2.5 giga zipo pia, ila kama huna diski ya mtandao au kompyuta inayozitumia, hiyo pesa iweke kwenye waya mzuri.

8. Kuna za kawaida na kuna zenye seting, nipi inanifaa?

Ya kawaida unachomeka inafanya kazi, haina paswadi wala ukurasa wa kuingia. Hiyo inatosha nyumba nyingi. Yenye seting inakuruhusu kutenganisha mtandao kwa VLAN (mitandao kadhaa ndani ya swichi moja), kuangalia tundu gani linakula data, na nyingi zina kinga ya waya kujirudia (swali la 16). Ukiwa na kamera, wapangaji, au ofisi ndani ya nyumba, hapo ina maana. Ukinunua yenye seting badilisha paswadi ya kiwandani siku hiyo hiyo.

9. PoE ni nini, naihitaji?

Ni swichi inayopeleka umeme na data kwenye waya mmoja. Kamera ya IP juu ya paa au akses pointi kwenye dari haihitaji soketi pembeni yake, waya wa LAN unatosha. Kama huna vifaa vya namna hiyo usilipie PoE.

Ukiihitaji angalia vitu viwili. Kwanza kiwango: 802.3af inatoa hadi wati 15.4 kwa tundu, 802.3at hadi wati 30. Kamera za kawaida zinaridhika na af. Pili jumla ya wati za swichi nzima, maana swichi inaweza kuwa na matundu manne ya PoE yote "ya wati 30" lakini jumla ikawa wati 60, ukijaza vifaa vizito kimoja kinazimika usiku taa za infraredi za kamera zikiwaka na watu wanasema kamera mbovu. Na kaa mbali na zile za volti 24 zinazosukuma umeme bila kuuliza kifaa kama kinauhitaji, isipokuwa kama kifaa chako kimeandikwa hivyo, zinaweza kuunguza.

10. Nimepata swichi ya ofisi ya matundu 24 imetumika, bei poa. Nichukue?

Nyingi zina feni na zinapiga kelele, kama nyumba ni ndogo hutolala. Zinakula umeme pia, wakati swichi ndogo ya matundu 5 inakula wati chache mno, hutaiona hata kwenye LUKU. Nyingine zimetoka ofisini na seting zao za VLAN na paswadi, bila kuzifuta utachomeka na hakuna kitu. Mimi ningemwachia mwanafunzi anayejifunza mitandao, kwake ni dhahabu.

## Waya

11. Cat5e, Cat6 au Cat7?

Hizi ni daraja za waya wa LAN. Cat5e ya shaba inabeba giga mita 100 bila shida. Cat6 ndo ningeshauri kwa waya unaopita ndani ya ukuta kwa sababu hutaki kuvunja plasta tena. Cat7 kwa nyumbani ni kuchoma pesa, ni mnene, mgumu kukunja, na vichwa vya kawaida vya RJ45 (plagi za mwisho wa waya) mara nyingi havikai vizuri.

12. Nitajuaje waya ni shaba kweli?

Hili ndo swali la muhimu kuliko yote humu. Kariakoo, Luthuli, popote pale, boksi nyingi za bei rahisi zilizoandikwa Cat6 ndani ni CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, inakatika kirahisi ukiikunja, na kwenye PoE inapoteza umeme njiani na kupata joto. Viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba tupu, kwa hiyo waya wa CCA ulioandikwa Cat6 ni uongo tangu kwenye boksi.

Kupima ni rahisi na usione aibu kufanya hivyo mbele ya muuzaji. Omba kipande, menya uzi mmoja, kwangua kwa wembe taratibu. Shaba ni nyekundu mpaka katikati, CCA ukikwangua kidogo tu unaona fedha inang'aa chini yake. Kunja na kukunjua sehemu moja mara kadhaa, CCA inakatika mapema. Uzito nao unasema, boksi la mita 305 la CCA unalinyanyua kama limejaa nusu. Na soma maandishi kwenye gamba la waya, wengine wanaandika CCA wenyewe kwa herufi ndogo.

Fundi akikuambia "zote sawa tu", mwambie alete wa shaba au ununue mwenyewe. Kazi ya kupitisha waya ni ile ile, lakini wa CCA utairudia.

13. Urefu wa mwisho ni mita ngapi?

Mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, ukijumlisha na vile vipande vifupi vya mwanzo na mwisho. Ukihitaji zaidi weka swichi katikati, hesabu inaanza upya. Kwa waya wa CCA usitegemee hata hiyo mia.

14. Rangi zinapangwaje kwenye kichwa?

Kwa mpangilio wa B ambao mafundi wengi wanautumia, shika kichwa ulimi ukiwa chini na vyuma vikitazama juu, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa. Ile ya kugeuza upande mmoja ilikuwa ya vifaa vya zamani, siku hizi vifaa vinajirekebisha vyenyewe.

Usipange "kwa mistari" ukaweka rangi moja moja kwa jozi bila kuruka, testa itakuonyesha namba zote zinawaka vizuri lakini jozi zimevunjika na spidi itakuwa mbaya, hii inawachanganya hata mafundi. Jozi ya kijani lazima iruke bluu, nafasi ya 3 na ya 6 kwenye kichwa.

Na usimenye gamba refu. Gamba la nje liingie ndani ya kichwa libanwe nalo, siyo nyuzi zibaki zinaning'inia nje.

15. Naweza kupitisha kwenye paipu moja na waya wa umeme?

Hapana. Kwanza ni hatari, waya wa umeme ukichubuka volti 230 zinaingia kwenye LAN na kwenye mkono wako. Pili unaleta mwingiliano. Tenganisha paipu, acha nafasi ya inchi kadhaa zikienda sambamba, na zikikutana zivuke kwa msalaba. Kama nyumba inajengwa sasa hivi, mwambie fundi alaze paipu ya peke yake ya mtandao kutoka sebuleni kwenda kila chumba kabla ya plasta, hata kama huna hela ya waya leo. Kama nyumba imeshakwisha, pitisha juu ya dari au tumia tranking ya plastiki ukutani.

## Kufunga na matatizo yake

Kufunga kwenyewe: waya mmoja kutoka tundu lolote la LAN la ruta (siyo lile la WAN linalopokea intaneti) kwenda tundu lolote la swichi, washa swichi, chomeka vifaa. Basi. Matundu ya swichi ya kawaida yote sawa, hata kama moja limeandikwa 1.

16. Kila kitu kilikuwa sawa, ghafla nyumba nzima haina intaneti na taa za swichi zinawaka zote kwa fujo. Nini hiki?

Karibu mara zote ni waya umejirudia. Kuna waya ambao ncha zake zote mbili zimeingia kwenye swichi moja, au swichi na ruta zimeunganishwa kwa nyaya mbili. Inatokea hivi: kuna waya unaning'inia nyuma ya TV, hauna kitu, mtu anafanya usafi anauona, tundu lipo wazi, anauchomeka akidhani umechomoka. Hapo ujumbe wa kwenda kwa wote unaanza kuzunguka hauna pa kuishia, unajizidisha, na ndani ya sekunde chache swichi imejaa. WiFi nayo inakufa kwa sababu ruta imezidiwa, kwa hiyo watu wanapiga simu kampuni ya intaneti wakati tatizo lipo nyuma ya TV.

Dawa: chomoa nyaya zote kwenye swichi ubakize ule wa ruta. Intaneti ikirudi, rudisha mmoja mmoja ukiangalia taa. Ule ukichomeka taa zote zikaanza kwenda kasi kwa pamoja, huo ndo mchawi. Kisha weka lebo kila ncha, hata kwa karatasi na selotepu, na waya usiotumika uchomoe pande zote.

Kwa kifupi, kati ya kifaa kimoja na kingine njia iwe moja tu. Kuunganisha nyaya mbili "ili iwe na spidi zaidi" kwenye swichi ya kawaida kunaleta hili hili.

17. Taa ya tundu inawaka lakini kifaa hakina intaneti.

Angalia IP iliyopata. Ikianza na 169.254 maana yake kifaa kimeomba IP hakuna aliyemjibu, kwa hiyo njia ya kwenda kwenye ruta imekatika, jaribu waya mwingine kati ya swichi na ruta na tundu lingine la ruta. Ruta nyingine za faiba zina matundu yaliyotengwa kwa ajili ya TV ya kampuni, hayo hayatoi intaneti. Ikiwa IP inafanana na ya vifaa vingine lakini hakuna intaneti, chomeka kifaa moja kwa moja kwenye ruta, ikigoma na hapo swichi haina kosa.

18. Nina giga lakini spidi inagota 94.

Namba hiyo 94 au 95 ni sahihi ya tundu la 100. Sehemu fulani njiani imeshuka. Sababu ya kwanza ni uzi mmoja kati ya nane haujashika, maana 100 inatumia nyuzi nne tu na giga inataka zote, hivyo uzi ukikatika kati ya zile nne ambazo 100 haizitumii mtandao haufi, unashuka kimya kimya. Bana kichwa upya. Sababu nyingine ni tundu la ruta (swali la 7), au kifaa chenyewe.

TV ndo zinaongoza hapa. TV nyingi, hata za bei kubwa, tundu lake la LAN ni la 100, ndo maana ukipima kwenye WiFi ya 5GHz unaona namba kubwa kuliko waya. Usihangaike, Netflix wanapendekeza 15 Mbps tu kwa 4K, kwa hiyo 94 iliyotulia inatosha na kubaki.

19. Vifaa vingine vinapata IP ya ajabu na haviendi mtandaoni, vingine sawa.

Una vigawa IP viwili. Mara nyingi ni ruta ya zamani imechomekwa kwenye swichi kwa tundu la LAN na bado inagawa IP zake. Anayewahi kuomba anapata kwa aliyewahi kujibu, ndo maana leo simu inakubali kesho inakataa. Zima DHCP (ile kazi ya kugawa IP) kwenye ile ya pili kama ilivyo swali linalofuata.

20. Naweza kutumia ruta ya zamani kama swichi?

Ndiyo, na unapata WiFi ya ziada juu yake. Chomeka laptopu kwenye ruta hiyo ikiwa peke yake, ingia kwenye seting, zima DHCP, badilisha IP yake iwe ya familia moja na ruta kubwa lakini isigongane nayo, mfano ruta kubwa ni 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2, na hakikisha hiyo .2 haipo kwenye zile zinazogawiwa. Kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, acha la WAN wazi. Kama ina sehemu ya kuchagua kuwa akses pointi, chagua hiyo tu inafanya yote yenyewe, na hapo fuata maelekezo yake ya tundu. Kumbuka ruta nyingi za zamani matundu yake ni ya 100.

21. Umeme ukikatika?

Swichi ikizima, kila kilichochomekwa kwake kinakatika hata kama ruta ipo kwenye betri. Ile UPS ndogo ya ruta yenye matundu ya volti 5, 9 na 12 inaweza kubeba na swichi ndogo, ila soma kwanza chini ya swichi inataka volti ngapi, nyingine ni 5 nyingine 9 nyingine 12, na ncha ya ndani iwe chanya kama ilivyochorwa. Plagi kuingia siyo ushahidi kwamba volti ni sawa. Swichi za PoE zinataka volti kubwa zaidi, hizo ziweke kwenye UPS ya kawaida au inveta.

## Kesi za pembeni

22. Nataka kupeleka waya kwenye banda la uani au nyumba ya pili.

Waya wa LAN wa shaba kati ya majengo mawili siupendi. Radi haihitaji kupiga nyumba yako, ikipiga karibu tu umeme unaingia kwenye waya mrefu ulio nje na unaua ruta, swichi na TV kwa pamoja. Pia kila jengo likiwa na ethi yake, tofauti ya volti kati ya hizo ethi inapitia kwenye waya wako.

Njia nzuri ni faiba na vibadilishi viwili, kimoja kila upande, vinavyotoa RJ45 ya kuingia kwenye swichi. Siku hizi unapata faiba fupi iliyokwisha kufungwa vichwa. Kioo hakipitishi umeme, radi haina njia. Ukitumia ule waya mweusi bapa wa faiba wanaofunga majumbani, pembeni yake kuna uzi wa chuma wa kushikilia, huo ukate uishie nje usiuingize ndani.

Kama lazima uwe wa shaba, tumia waya wa nje wenye gamba jeusi, gamba la kawaida linapasuka kwa jua, upitishe kwenye paipu ardhini, weka kinga za radi zilizounganishwa na ethi pande zote mbili, na mvua za radi zikija chomoa.

23. Nina wapangaji, naweza kuwagawia kwa swichi moja?

Kwa swichi ya kawaida, kila aliyechomeka yupo mtandao mmoja na wewe, anaweza kuona printa yako, diski yako, hata ukurasa wa kamera. WiFi ya wageni ya kwenye ruta nayo haisaidii aliye kwenye waya.

Njia safi ni swichi yenye VLAN pamoja na ruta inayoelewa VLAN, ruta za kampuni mara nyingi haziruhusu kwa hiyo utahitaji ya kwako. Njia ya bei nafuu ni ruta ya kampuni, halafu swichi, halafu kila nyumba iwe na ruta yake ndogo iliyochomekwa kwa tundu la WAN, na wewe mwenye nyumba pia uwe nyuma ya ruta yako. Hapo wengi wanakosea, wanawapa wapangaji ruta halafu wenyewe wanabaki kwenye ile ya juu, na aliye chini anaweza kufikia vya juu. Tatizo la njia hii ni gemu kulalamika NAT (ruta mbili zinabadilisha anwani mara mbili), na pia mpangaji mmoja anaweza kumaliza spidi yote.

Mkataba nao usome, na kuuza intaneti ni biashara ya leseni, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya.

24. Kamera zangu zimechomekwa nyuma ya NVR (rekoda ya kamera za IP) yenye PoE, mbona sizioni kwenye mtandao wa nyumbani?

Ndivyo ilivyotengenezwa. Yale matundu ya PoE ya NVR ni swichi ya ndani yenye mtandao wake tofauti. Waya mmoja kutoka tundu la LAN la NVR kwenda kwenye swichi yako unatosha kuangalia kwa simu. Usichukue waya kutoka tundu la PoE la NVR ukauleta kwenye swichi ya nyumbani, unachanganya mitandao miwili. DVR, yaani rekoda ya kamera za waya wa koaksia, nayo inahitaji waya mmoja tu.

25. Natumia Starlink, swichi naiweka wapi?

Inategemea ruta. Ile ya kizazi cha 2 haina tundu la LAN, lazima ununue adapta yao ya Ethernet ndo upate tundu la kupeleka kwenye swichi. Ya kizazi cha 3 ina matundu mawili ya LAN nyuma ya kifuniko, moja linatosha. Ruta za laini ya simu ni vile vile, nyingi zina tundu moja au mawili, angalia tu kama limeandikwa LAN/WAN kwa pamoja, ukiwa unatumia laini ya simu kwenye seting liweke kuwa LAN.

26. Swichi juu ya swichi inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, swichi ya sebuleni, waya mmoja kwenda swichi ya chumba cha kazi. Afadhali kila swichi ya chumbani itoke kwenye ile kuu kuliko kuzipanga mnyororo, maana kwenye mnyororo ya katikati ikizima zote za mbele zinakufa, na vifaa vya mwisho vyote vinagombania waya mmoja. Na chora. Karatasi moja yenye ruta, swichi, na namba ya tundu la kila chumba, ibandike ndani ya kabati ilipo ruta, fundi wa kesho ataikuta.